Ombi la Cheti kwamba Mwanangu Hurudisha Samaki Tu

Nyakato, Mwanza
Jumamosi, tarehe 9 Oktoba, 1948

Kwa Bwana Samaki Mheshimiwa, Mwanza.

Bwana Samaki,

Nakusalimu kwa heshima, na mama yako huko Ulaya namsalimu pia kama bado yu hai. Kama yu hai, hebu mwandikie. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, nalo si kosa la Serikali. Jina langu Tereza, mjane wa marehemu Malimi, mama yake Kija, karani wa mizani pale kwenye kinu cha pamba. Utanikumbuka. Mimi ndiye yule mama aliyekuambia uvae kofia siku ulipoleta samaki wako kwa lori, maana shingo yako ilikuwa imeiva kama nyanya. Hukuvaa. Basi.

Usione mwandiko huu unapanda na kushuka ukadhani mwandishi amelewa. Kusoma nilisoma kidogo kwa masista, kiasi cha kuzijua herufi. Kuandika nilijifunza wakati wa vita, kwa kuwa mwanangu alikuwa Burma na askari wa Keya, jeshi la Mfalme, na yule mzee wa sokoni anayewaandikia watu barua alikuwa anatia maneno yake. Mimi namwambia andika, mwanangu, unakula? Yeye anaandika, natumaini hali yako yaridhisha. Sasa mtoto aliye vitani atajuaje kwamba huyo ni mama yake? Nikashika kalamu mwenyewe. Kwa hiyo barua hii hakuna aliyenisaidia, na makosa yaliyomo yote ni yangu.

Ninachokililia ni kimoja tu: mwanangu arudi nyumbani, azungumze kama watu, aoe. Binti yupo, Teodora, mtoto wa Mayala wa Buhongwa, binti mwenye adabu na mikono ya kazi. Kilichosimama katikati ni lambo letu la hapa Nyakato na wale samaki wako waitwao kapi. Malalamiko nimeyapanga kwa namba, ili ukichoka njiani ujue ulipoishia.

1. Kwanza ni lambo lenyewe. Marehemu mume wangu alilichimba pamoja na wenzake mwaka ule wa njaa, kwa jembe, udongo wakiuburuta kwa ngozi za ng'ombe. Lilichimbwa ili ng'ombe wanywe na sisi tuchote. Likanywewa na likachotwa miaka yote mpaka ulipofika wewe na mapipa yako mawili. Tukapiga makofi. Nakiri na mimi nilipiga, na vigelegele nikaongeza, kwa kuwa nilidhani umeleta chakula. Siku ya pili ukaja ubao. Ubao unasema ng'ombe ni marufuku, kwa sababu ng'ombe huchafua maji.

Bwana Samaki, wewe unakaa mjini, mimi nakaa hapa. Kapi wako kazi yake tangu asubuhi ni kutia pua kwenye tope na kulivuruga kama nguruwe. Maji ambayo ng'ombe mia walikuwa wanayaacha unaona vidole vyako vya miguu, sasa ukitia mkono huuoni. Lakini ng'ombe akitia ukwato mmoja, mwenyewe anapelekwa barazani. Kapi akivuruga lambo zima, karani wako anaandika kwamba samaki wamestawi.

2. Pili ni kelele. Sisi wanawake tumepewa pembe moja ya kuchotea, upande wa mawe, na Chenge, yule mlinzi uliyemvika kofia, anatuambia tusigonge vibuyu, tusicheke, tusiitane, samaki wasije wakashtuka. Chenge huyu alikuwa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote wakati wa kulima, tulikuwa tunamsikia mpaka ng'ambo ya kilima. Siku hizi ananong'ona. Mimi nimezaa watoto wanne, Bwana, na hakuna mtu aliyewahi kuambiwa anyamaze kwa ajili yangu.

Tena mwezi wa nane Serikali ilituhesabu sisi watu. Tulihesabiwa mara moja, na yule karani wa kuhesabu hakushuka hata kwenye baiskeli. Kapi wanahesabiwa kila mwezi, na wakipungua Chenge anaulizwa. Mume wangu alipopungua sikuona mtu aliyekuja kuuliza.

3. Tatu ni inchi. Kibali cha mwanangu cha kuvua lamboni nimekisoma mwenyewe mara mbili, nikitia kidole chini ya kila neno. Kinasema kapi aliye chini ya inchi kumi na tano arudishwe majini kwa kuwa bado ni mtoto. Sawa, sisi wazazi tunaelewa. Mstari unaofuata unasema kapi aliyezidi inchi kumi na tano arudishwe majini kwa kuwa ni mzazi. Hapo nikamwita jirani anisomee, labda ni macho yangu. Jirani akasoma vilevile. Kwa hiyo Serikali yetu imeruhusu aliwe kapi mmoja tu, yule aliyesimama kwenye inchi kumi na tano kamili, tena aliwe upesi, kabla hajakua.

Nilidhani samaki huyo hayupo duniani. Kumbe yupo. Mwezi wa saba alinaswa. Chenge ndiye aliyenisimulia, maana yeye ndiye mwenye ubao wa kupimia. Wakampima kichwa mpaka mkia: inchi kumi na tano. Wakamgeuza, wakampima tena: inchi kumi na tano. Chenge akavua kofia. Na mwanangu, niliyemzaa mimi mwenye akili zangu, akamrudisha majini.

Nilimuuliza kwa nini, nikiwa nimeshika mwiko. Akanijibu, "Mama, Chandra alikuwa ameangalia pembeni."

Hapo ni lazima nikueleze wenzake. Wanakwenda watatu, kila Jumapili, sisi tukitoka kwenye misa na wao kwenye mambo yao. Mmoja ni Chandrakant, mtoto wa mwenye duka la vitambaa kule mjini. Kwao ni Wahindu wale wasiokula kitu chenye roho. Anavua kwa sababu anapenda kukaa na wenzake, na ndoano anaifunga kuliko wote, lakini samaki akimfia mbele ya macho hali chakula siku mbili. Wa pili ni Liaqat wa stesheni ya reli. Huyo samaki anakula, na mifupa anakula, na mikono yake ameumbiwa kuonyeshea urefu wa samaki aliyemponyoka. Lakini siku ile hata yeye alinyamaza. Wanaume watatu wazima, mmoja wao amepigana na Wajapani, wakaachia kitoweo changu cha jioni kiende zake kwa kuwa mwenzao ameangalia pembeni.

Chandra simlaumu. Nilikuwa nauza karanga kwenye baraza ya duka la baba yake, yeye na Kija wakitambaa chini ya meza moja, na mpaka leo ananiita mayu, kama Msukuma yeyote anavyomwita mama yake. Ninayemlaumu ni samaki, kujitia inchi kumi na tano mbele za watu.

4. Nne ni ugali wangu. Sisi ziwa tunalo. Ukipanda juu ya mawe nyuma ya nyumba yangu unaliona lote, na shemeji yangu ana mtumbwi huko, analeta sato, ningu, furu, mumi, na siku mbaya gogogo. Hakuna samaki wa ziwani aliyewahi kuuliza nani kapika. Kapi wako mnyoo hataki. Panzi hataki. Anataka ugali, na si ugali wowote: uwe wa mtama uliosagwa laini, usongwe mpaka ushikane, utiwe asali, ukandwe tena mpaka uwe kama nta. Kwa hiyo kila Jumapili nasonga ugali wa watu na ugali wa samaki, na wenye asali ni wa samaki.

Nikaona niwaachishe. Wewe labda huna watoto, hujui. Mtoto akikataa kuacha ziwa, mama anajipaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto ananyonya, anakunja uso, anakutazama kama umemwibia, halafu anakwenda kucheza. Kija mwenyewe nilimwachisha hivyo, akalia siku moja tu. Basi Jumapili moja nikakamulia shubiri kwenye ugali wa samaki, nikaukanda kwa moyo wote. Nilisema kapi wakiususa, vijana watachoka, saa nne watakuwa nyumbani.

Kapi waliususa kweli. Lakini vijana wakasema, leo samaki wana akili, tuwasubiri. Wakasubiri mpaka jua linatua. Njaa ikamshika Chandra, na kwa kuwa ule ulikuwa ugali mtupu usiogusana na nyama wala samaki, akaumaliza. Akaja kunishukuru kwa mikono miwili. Akasema ugali wa leo una dawa, mayu, tumbo limenisumbua mwezi mzima na sasa limetulia. Tangu hapo kila juma anauagiza. Mimi niliyetaka kuacha ugali wa aina mbili, sasa nasonga wa aina tatu.

5. Tano. Hili naliandika polepole.

Kija alirudi kutoka Burma mwaka juzi, mzima wa mikono na miguu. Nikapika, tukacheza ngoma, majirani wakaja. Wageni walipoondoka ndipo nikagundua kwamba amerudi bila maneno. Shikamoo mama. Ndiyo mama. Nimeshiba mama. Nilikuwa nayahesabu kama Chenge anavyohesabu kapi, na hayakuwa yanafika kumi kwa siku. Shangazi yake alitoka Shinyanga kuja kumwona, na Kija akamwangalia kama mgeni aliyekaa naye kwenye behewa moja.

Siku ulipomwaga mapipa yako alikuwa amesimama nyuma yangu. Akapita katikati ya watu, akachuchumaa ukingoni, akasema, "Mama, samaki huyu namjua."

Kumbe alipougua walimlaza India, kwenye mahema ya askari wagonjwa, na nyuma ya mahema kulikuwa na bwawa, na mpishi mmoja wa huko alimfundisha kuwavua kwa unga uliokandwa. Alinisimulia hayo palepale, mpishi alivyokuwa mfupi, bwawa lilivyokuwa na majani ya duara. Maneno ambayo sikuyapata mwaka mzima niliyapata yote kwa mara moja, nimesimama kwenye tope. Nitasema kweli, niliona wivu. Ndugu zake hakuwatambua, samaki wa kwenye pipa akamtambua.

Na maneno yakabaki hukohuko. Chenge ananiambia lamboni Kija anaongea, anabishana na Liaqat, anamfundisha Chandra. Akifika nyumbani ni nimeshiba mama. Kwa hiyo nauliza kwa adabu. Serikali ilimchukua mwanangu miaka minne ikanirudishia nusu. Ile nusu nyingine imekaa kwenye lambo lako kwa kibali chenye muhuri. Nani aliyetoa ruhusa, na mbona mimi sikuulizwa?

6. Sita ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumapili ya tarehe 26 mwezi uliopita, Mayala alikuja kuiona nyumba atakayoolewa binti yake. Alikuja na shangazi wa binti na mshenga wetu. Nilipika kuku, nilipika maharage, nilipika viazi, lakini Mayala alipouliza kijana yuko wapi, nikajibu kwa fahari kwamba kijana amekwenda kuvua. Mzee alifurahi. Akasema ni vizuri, mwanamume asiyekaa bure hata Jumapili. Akamgusa kuku kidogo tu, akaegemea, anaacha nafasi ya samaki. Mshenga naye akaacha nafasi. Nikabandika sufuria ya maji, nikakata nyanya, nikakata kitunguu, nikaweka chumvi karibu.

Saa kumi wakatokea watatu wale, wasafi, wanaimba, mikono inaning'inia. Wakaamkia vizuri, shikamoo baba, shikamoo shangazi, sina lawama hapo. Mayala akawauliza kama wamepata. Liaqat, Mungu amsamehe, akasema wamepata saba, na mikono akaipanua. Mayala akatazama nyuma yao. Akatazama mlangoni. Akauliza wako wapi. Mwanangu akamjibu kwa heshima kabisa kwamba wamewarudisha.

Sufuria ilikuwa inachemka. Halafu Mayala akanigeukia mimi, si Kija, akaniambia, "Mama Kija, kijana wako anarudisha samaki saba kwa siku. Mwanangu mimi atamrudisha baada ya siku ngapi?"

Nilitaka kujibu. Nilitaka kusema habari za inchi, za kibali, za Chandra kuangalia pembeni, lakini kila nikifungua kinywa naona jinsi itakavyosikika. Utamwambiaje mzee wa Buhongwa kwamba mtu anachukua kazi ya kumnasa mnyama, anampima, anamsifu, anamwachia? Shangazi akajifunga kanga upya, akasimama. Mshenga akasimama naye, na kesho yake akaniletea habari kwamba mgongo unamuuma na hawezi tena kazi ya ushenga. Mayala amesema atakuja mara moja nyingine, Jumapili ya tarehe 17, si ya kesho, ile inayofuata. Akiona mambo ni yaleyale, Teodora ataolewa Magu.

7. Saba lilikuwapo, nikalisahau nilipoinuka kutazama maharage. Kama ni kubwa litarudi.

Sasa Bwana Samaki, mimi si mtu wa kulalamika tu nisitoe njia. Nimefikiri sana, nimepata njia tatu, na wewe kwa hekima yako utachagua.

Njia ya kwanza, kapi walipe kodi. Makazi wanayo, mlinzi wanaye, wanakula ugali wa asali, hawalimi, na lambo hawakulichimba wao. Najua kwa kawaida mgeni wa namna hiyo akifika hapa kwetu hatozwi kodi, ndiye anayetuandikia sisi sheria. Lakini kapi hawajui kuandika, kwa hiyo sioni sababu ya kuwasamehe. Wakishindwa kulipa wapelekwe kuchimba lambo lingine, kama ilivyokuwa kwa wanaume wetu.

Njia ya pili, warudishwe kwao. Warudishwe kwa heshima, kwa njia ileile aliyorudishwa mwanangu: behewa la daraja la tatu, blanketi moja kila mmoja, na cheti cha mwenendo mwema. Liaqat yuko stesheni, atawapungia bendera. Wakifika huko kwao wakikuta ndugu zao hawawatambui, wakae kimya mwaka mzima, wataona utamu wake.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda. Uje wewe mwenyewe tarehe 17, umevaa kofia, uje uwe mshenga wetu. Nafasi iko wazi. Ulete karatasi yenye muhuri kwamba Kija mwana wa Malimi hurudisha samaki tu, tena kwa amri, na kwamba hajawahi kurudisha kitu kingine chochote. Jembe la jirani aliwahi kulirudisha, lakini hilo lilikuwa la jirani. Umsomee Mayala polepole, kwa sauti, usimeze maneno. Ukimwona anasitasita, toa kapi mmoja mkubwa, aliyezidi inchi zote, sheria ivunjike siku hiyo moja, apikwe, na Kija ashuhudiwe na pande zote mbili akimla mpaka mkia. Chandra nitampeleka nyuma ya nyumba akaangalie kuku wakati huo. Na kama Mayala bado ana shaka, basi Serikali imwekee dhamana: siku Kija atakapomrudisha Teodora kwao, wewe Bwana Samaki utakuja na Chenge na ubao, mtamlaza Kija chini mtampima, na mkikuta amezidi inchi kumi na tano, mtamtupa majini.

Sidhani nimeomba kikubwa. Mtu anayeweza kujua lambo lina kapi wangapi hawezi kushindwa kujua nyumba ya Tereza ina huzuni kiasi gani.

Namalizia hapa kwa kuwa karatasi inaisha. Nisalimie mke wako kama unaye, na kama huna, usikawie kama Kija. Msalimie mpishi wako, mwambie ile supu uliyokuwa umebeba kwenye chupa siku ile ilinuka, asikupe tena. Msalimie karani wako. Chenge nitamsalimia mwenyewe. Kapi wote nawasalimu pia, kwa kuwa mimi sina chuki na mtoto wa mtu.

Ni mimi mama yenu, mwenye goti,
Tereza Malimi

Nyongeza. Jumatatu, tarehe 18 Oktoba.

Barua hii haikwenda posta kwa kuwa sikuwa na bahasha. Bahasha ziko kwenye sanduku la Kija, nami sikuweza kumwomba mtoto bahasha ya kuwashtaki samaki wake. Jana Chandra aliniletea moja ya dukani kwao. Hakuuliza ya nini.

Jana hiyo Mayala alikuja. Hakuja nyumbani kwanza, alipitia lamboni makusudi ili amkute mwanangu anarudisha, akamleta na Teodora awe shahidi kwa macho yake mwenyewe. Niliposikia nikakimbia na goti langu hilihili, mikono ina unga. Nikamkuta mzee amesimama na koti lake la kwendea barazani, amekunja uso, anangoja kosa. Liaqat akamwambia, baba karibu, nishikie fimbo hii ya kuvulia kidogo nitafute kiberiti. Akamshikisha.

Bwana Samaki, yule kapi mkubwa wa lambo lako alikuwa amekataa unga wa chapati wa mama yake Liaqat asubuhi nzima, uliotiwa iliki na samli. Akaja kwenye ugali wangu. Wangu. Akamvuta Mayala hatua moja, hatua mbili, mpaka maji ya magotini, na koti. Kija akaruka akamshika mzee kiuno, wakateleza wote wawili, wakakaa kwenye tope kama watoto, fimbo bado wameishika. Ndipo Kija akacheka. Kicheko kile kinaanzia chini, kinanyamaza kidogo, halafu kinapasuka, kama cha baba yake. Chenge alisahau kutunyamazisha. Teodora naye alicheka mpaka akaketi, tena aliketi upande walikokuwa wakinywea ng'ombe, ambako sasa ni marufuku.

Wakamtoa. Inchi ishirini na saba. Mayala akamkumbatia kwenye koti, nikasema moyoni, huyu leo kaliwa. Akamtazama usoni muda mrefu. Halafu akainama, akamwachia. Nikamuuliza, baba, vipi tena? Akanijibu, "Nimemrudisha ili Jumapili nimfuate."

Halafu akamwangalia Kija, akaniambia nianze kulowesha mtama wa pombe ya harusi.

Kwa hiyo Bwana Samaki, kodi acha. Treni acha. Cheti acha, lakini kofia vaa. Ubao wa inchi uwe hivyohivyo, chini kumi na tano na juu kumi na tano, mtu asije akawala samaki wetu. Ningeichana barua hii niandike nyingine, lakini mkono umechoka, na bahasha ya Chandra sitaki ipotee bure. Isome halafu usifanye hata moja.

Mayala anaomba kibali. Liaqat anasema hakuna kibali kilichowahi kuandikwa jina la mwanamke. Mimi sisemi nataka kuvua, mimi kazi yangu ni ugali. Lakini mzee akichoka mkono, atakayemshikia fimbo dakika mbili ni lazima awe na karatasi, na jina langu umeliona hapo juu.

Lile la saba limerudi. Lilikuwa kwamba mwanangu hacheki. Lifute.